Sumu ya Ghalani na Ubongo wa Mtoto Mchanga

Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kandokando ya barabara kuu iendayo Kondoa. Watu wa nje huitaja kwa sababu ya krisopresi, lile jiwe la kijani lichimbwalo vilimani mwake. Lakini wenyeji wake wengi huishi kwa mtama, uwele, mahindi, karanga, alizeti na mifugo. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani nchi ya Dodoma haipati zaidi ya milimita 600 hivi kwa mwaka. Nchi ya namna hiyo humlazimisha mkulima kuweka akiba. Chakula kilichovunwa mwezi Mei au Juni hakina budi kifike hadi mavuno mengine, na aghalabu yatakiwa kipite hapo, kwa maana mwaka wa pili waweza kuwa wa njaa. Kwa hiyo nafaka hukaa nyumbani, mara nyingi chini ya dari ile ile walalayo watu, na siku hizi kiilindacho na wadudu ni dawa ya unga inunuliwayo dukani au mnadani.

Dawa hiyo ni sumu. Kwamba ni sumu kwa fukusi, kila mkulima anajua, na ndiyo sababu aliinunua. Kwamba yaweza kumuua mtu aliyeila kwa wingi, hilo pia linafahamika vijijini. Jambo ambalo sayansi imelifahamu polepole, na kwa sehemu kubwa katika miaka 30 iliyopita, ni kwamba sumu za jamii hii zaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni au anayenyonya kwa kiasi kidogo sana, kiasi kisichomtapisha mama wala kumtoa jasho, ikiwa tu kiasi hicho kimefika wakati ubongo wa mtoto unajengwa.

Ni vyema kutofautisha sumu ionekanayo na ile isiyoonekana. Kundi la kwelea kwelea linapovamia mtama na uwele wa Kanda ya Kati, serikali huleta ndege inyunyizie viota na malalo yao, mara nyingi kwa msaada wa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni fenthioni. Ndege hiyo inapopita kila mtu huinua macho, na hofu ya wananchi ni ya haki: fenthioni huua ndege wengine wasiokusudiwa, na watu waokotao kwelea waliokufa ili wawale hujitia hatarini. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubali kuiingiza fenthioni ya aina hiyo katika orodha ya kemikali ambazo nchi haiwezi kuletewa kabla ya kutoa idhini yake. Wilayani Kondoa yalifanyika majaribio ya kuwatega kwelea kwa nyavu na mitego ya vikapu ili wawe kitoweo, na hiyo ni njia ya akili zaidi kuliko kumwaga sumu juu ya nyama. Hata hivyo ndege ya serikali huja siku moja ikaondoka. Unga wa ghalani hukaa na familia mwaka mzima.

Asili ya unga huo katika nchi yetu ni kisa cha kufaa kukumbukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini, kupitia Tabora, mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aitwaye dumuzi. Aliutafuna muhindi mkavu na makopa ya muhogo hata vikabaki vumbi, na wakulima, kwa kuona kishindo chake, wakambatiza jina la lori: Scania. Dawa za ghalani za wakati ule zilikuwa na pirimifosi-methili, ambayo humuua fukusi wa kawaida lakini haimwezi dumuzi sawasawa. Na permethrini humuua dumuzi lakini haimwezi fukusi. Jibu la wataalamu likawa kuzichanganya zote mbili katika unga mmoja, pirimifosi-methili asilimia 1.6 na permethrini asilimia 0.3. Mchanganyiko huo uliokoa chakula kingi, na mtu asiukebehi. Lakini msomaji atambue kuwa tangu hapo familia nyingi za wakulima zimekuwa zikiishi na sumu mbili za jamii mbalimbali, zote mbili zikiwa zimetengenezwa kushambulia mishipa ya fahamu.

Pirimifosi-methili ni ya jamii ya oganofosfeti. Jamii hii huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuufuta ujumbe mara baada ya kupita kutoka neva moja hadi nyingine. Kimeng'enya kikizuiwa ujumbe haufutiki, neva hupiga kelele bila kikomo, na mdudu hufa kwa mtukutiko. Permethrini ni ya jamii ya pairethroidi, iliyoigwa kutoka maua ya pareto. Yenyewe huzuia milango ya sodiamu katika neva isifungike. Mtu mzima ana uwezo wa kuzivunja sumu hizi kwa saa au siku chache, zikatoka kwa mkojo. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Katika damu ya binadamu kimo kimeng'enya kingine ambacho huvunja baadhi ya oganofosfeti, na watafiti waliopima akina mama na watoto wao katika bonde la Salinas, California, waliona kuwa mtoto anapozaliwa huwa nacho, kwa wastani, kama robo tu ya kiasi alicho nacho mama yake. Aidha mtoto hupumua hewa nyingi zaidi na kula zaidi kwa kila kilo ya uzito wake, hutambaa sakafuni mahali ambapo vumbi hutua, na kila akiokotacho hukipeleka kinywani.

Katika nyumba ya mkulima njia zenyewe ni nyingi kuliko mtu awezavyo kudhani. Unga huchanganywa na nafaka kwa koleo au kwa mikono, juu ya turubai au sakafuni, na kazi hiyo mara nyingi ni ya wanawake. Kila baada ya siku kadhaa nafaka hutolewa, hupepetwa na kutwangwa, na mtoto yuko mgongoni mwa mama vumbi linapopaa. Kukoboa kwenyewe ni jambo jema, kwa kuwa sehemu kubwa ya masalio ya dawa hukaa kwenye ganda la nje na huondoka na pumba. Bahati mbaya pumba hizo hupewa kuku na mbuzi, na uji wa mtoto wakati mwingine hupikwa kwa unga wa dona kwa sababu watu wamefundishwa, tena kwa haki, kuwa dona lina lishe zaidi. Ghala lenyewe likiwa pakavu, kama lilivyo Dodoma karibu mwaka mzima, dawa huchukua miezi mingi kabla ya kuisha nguvu. Mfugaji naye hunyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe kwa bomba la mkono, kisha hurudi nyumbani na nguo zile zile.

Kiluwiluwi na mtoto wa binadamu

Kwa nini kiasi kidogo kiwe na madhara makubwa? Jibu limo katika homoni, yaani wale wajumbe wa kikemikali ambao tezi za mwili huwatuma kupitia damu. Homoni hutenda kazi kwa viwango vidogo mno, na thamani ya ujumbe wake hutegemea saa uliyofika. Mwaka 1912 mwanasayansi Friedrich Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya dundumio ya wanyama, ile tezi ya shingoni ambayo ikivimba huitwa rovu. Viluwiluwi hao waligeuka vyura kabla ya wakati wao, wakawa vyura wadogo kupita kiasi. Waliokosa homoni hiyo, kama ilivyoonekana katika majaribio ya baadaye, hubaki viluwiluwi, wakizidi kukua bila ya kuota miguu. Chakula ni kile kile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni ujumbe tu.

Mtoto wa binadamu naye huhitaji ujumbe wa dundumio ili ubongo wake ujipange. Homoni hiyo huziamuru seli changa za neva zihame kutoka zilikozaliwa kwenda kwenye tabaka zake, ziote matawi, na zivishwe ala ya mafuta iharakishayo mapito ya fahamu. Tena, dundumio la mtoto aliye tumboni huanza kukusanya iodini kwenye wiki ya 12 hivi, na halitoi homoni ya kutosha hadi karibu wiki ya 18 au 20. Kabla ya hapo homoni yote aitumiayo hutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Upungufu mdogo wa mama, ambao yeye mwenyewe hauhisi, huwa ni upungufu wa mtoto katika wiki ambazo hazitarudi tena.

Tanzania inalifahamu jambo hili kwa njia ya uchungu, kutokana na ukosefu wa iodini, ile iitwayo madini joto kwenye pakiti za chumvi. Katika nyanda za juu rovu lilikuwa jambo la kawaida, na pale upungufu ulipokuwa mkali walizaliwa watoto wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, kabla ya chumvi yote kutakiwa kutiwa iodini. Mwaka 2009 wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero, walitangaza kuwa watoto ambao mama zao walipata vidonge wakati wa ujauzito walisoma shule kwa muda mrefu zaidi, tofauti ikiwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Watafiti wengine waliporudia hesabu hizo baadaye waliona kuwa hazisimami imara kama zilivyodhaniwa. Mabishano ya ukubwa wa tofauti hiyo yataendelea, lakini hakuna mtaalamu abishaye kuwa dundumio la mama ndilo linaloongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto hapo mwanzo.

Sasa baadhi ya viuatilifu huingia katika mkondo huo huo. Ulio dhahiri kuliko yote ni mankozebu, dawa ya ukungu itumiwayo sana kwenye bustani za nyanya nchini. Mwilini huvunjika na kutoa kemikali fupi iitwayo ETU, ambayo huzuia dundumio kutengeneza homoni yake. Huko Matina, Costa Rica, ndege hunyunyizia mashamba ya migomba yanayopakana na nyumba za watu, na watafiti walipopima mkojo wa wajawazito walikuta ETU kwa kiasi kama mara 5 ya ile ikutwayo kwa watu wa kawaida wa nchi nyingine. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiidhinisha mankozebu mwishoni mwa mwaka 2020, na mojawapo ya sababu ni huo uharibifu wa homoni. Kuhusu oganofosfeti, majaribio ya panya waliopewa klorpirifosi wakiwa tumboni na baada ya kuzaliwa yameonyesha homoni ya dundumio ikishuka hata kwa dozi ndogo isiyogusa kolinesterasi ya ubongo. Hilo ni jambo zito, kwa maana viwango vya usalama viliwekwa kwa miaka mingi kwa kuangalia kolinesterasi peke yake.

Ushahidi wa watoto wenyewe

Panya si binadamu, na msomaji mwangalifu atauliza wako wapi watoto. Wapo. Katika bonde la Salinas, ambako wanawake wengi ni vibarua wa mashamba, watafiti wa Chuo Kikuu cha California walianza mwaka 1999 kuwafuatilia wajawazito na watoto wao. Watoto walipofika umri wa miaka 7, wale ambao mama zao walikuwa katika fungu la tano la juu kwa masalio ya oganofosfeti katika mkojo walipata, kwa wastani, pointi 7 pungufu katika vipimo vya akili kuliko wale wa fungu la chini. Katika jiji la New York, mahali pasipo shamba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima klorpirifosi katika damu ya kitovu. Sumu ile ilitoka ndani ya nyumba, kwenye dawa ya mende. Watoto waliozaliwa na kiwango kikubwa zaidi walionekana, wakiwa na miaka 7, kuwa na upungufu wa kumbukumbu ya kazi. Marekani ilipoiondoa dawa hiyo majumbani mwaka 2001, sumu katika damu ya watoto ilishuka upesi. Mwaka 2025 klorpirifosi iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm ili ikomeshwe duniani, pamoja na misamaha kadhaa ya muda.

Kwa Afrika mfano ulio karibu zaidi ni wa Vhembe, mkoani Limpopo, Afrika Kusini, ambako nyumba hupigwa dawa kwa ajili ya malaria. Watoto 752 waliozaliwa mwaka 2012 na 2013 walifuatiliwa. Wale ambao mama zao walikuwa na masalio mengi zaidi ya pairethroidi wakati wa ujauzito walipata, walipotimiza mwaka mmoja, alama pungufu kidogo katika vipimo vya hisia na mahusiano na watu. Tofauti si kubwa kwa mtoto mmoja mmoja, na hakuna daktari awezaye kumtazama mtoto akasema huyu kapungukiwa kwa sababu ya dawa. Lakini pointi chache zikipungua kwa kijiji kizima, wale wachache waliokuwa ukingoni huanguka upande wa wasioweza kusoma.

Haifai kudai zaidi ya hapo. Klorpirifosi si pirimifosi-methili, ijapokuwa ni ndugu. Pirimifosi-methili haina ukali wa klorpirifosi kwa wanyama, na hiyo ndiyo sababu iliruhusiwa kwenye chakula. Anayesema kuwa unga wa ghalani umethibitishwa kupunguza akili za watoto wa Haneti asema uongo. Anayesema kuwa ni salama kwa kuwa hakuna aliyekufa naye hajaelewa swali.

Kuna sumu za kale pia. Jamii ya DDT haivunjiki upesi, bali hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka, na mafuta hayo hutoka pamoja na maziwa ya mama. Watafiti waliochunguza maziwa ya akina mama 95 wa Hospitali ya Mount Meru, Arusha, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2017, walikuta DDE, ambayo ni zao la DDT, katika kila sampuli. Mwaka 1995 mtafiti William Kelce na wenzake walionyesha kuwa DDE huziba kipokezi cha homoni ya kiume. Habari hiyo yahusu watoto wachanga hasa, kwa kuwa mtoto wa kiume, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya kuzaliwa, hupandisha testosteroni kwa muda hadi kukaribia kiwango cha mvulana anayebalehe. Pamoja na hayo yote, hakuna sababu ya mama kuacha kunyonyesha. Maziwa ya chupa yaliyokorogwa kwa maji ya bwawa yameua watoto wengi mno kuliko DDE. Vivyo hivyo chandarua kisiachwe: dawa yake imeshikamana na nyuzi, na malaria yenyewe hushambulia ubongo. Katika mpango wa Pare na Taveta, nyumba zilipopigwa dieldrini kati ya mwaka 1955 na 1959, vifo vya watoto wachanga vilipungua. Sumu iliyomwokoa mtoto leo na ile iwezayo kumpunguzia kesho zaweza kuwa moja.

Mkulima wa Dodoma hawezi kuambiwa tu aache dawa. Nafaka iliyotobolewa na wadudu hushikwa na ukungu upesi, na ukungu una sumu yake. Mwaka 2016 sumukuvu ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 waliandikwa na 20 kati yao walikufa. Njia iliyo bora ni kumnyima mdudu hewa. Mifuko ya tabaka tatu, iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kameruni, hufungwa kwa kukazwa. Wadudu waliomo huimaliza oksijeni kwa kupumua kwao, wakafa bila chembe ya dawa. Nafaka sharti iwe imekauka vizuri kwanza, jambo ambalo jua la Dodoma hulifanya bure. Bei ya mfuko ni kubwa kuliko ya dawa ya gunia moja, lakini ukitunzwa na panya usiufikie hutumika zaidi ya msimu mmoja. Pipa la bati lenye mfuniko wa kubana hufanya kazi hiyo hiyo.

Pale dawa inapotumika, iwe ile iliyosajiliwa kwa nafaka. Kazi ya kusajili viuatilifu, iliyokuwa ya TPRI ya Arusha, tangu Sheria ya mwaka 2020 imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Hatari kubwa ni dawa iliyofunguliwa ikapimwa upya katika vifuko visivyo na maandishi, kwa maana mnunuzi hana njia ya kujua kama amepewa dawa ya nafaka au ya pamba. Kuchanganya kufanyike nje ya nyumba, upande upepo uendako, na afanye mtu asiye mjamzito wala anayenyonyesha. Mara nyingi huyo atakuwa mwanamume, na hapo desturi ya mgawanyo wa kazi haina budi ilegezwe. Nafaka ya uji wa mtoto ikobolewe, au itengwe mapema bila kutiwa dawa na iliwe kwanza.

Swali gumu zaidi ni la wakati. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015–16 zilionyesha kuwa ni takriban robo tu ya wajawazito waliofika kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, na ingawa idadi hiyo imepanda tangu hapo, walio wengi bado huchelewa. Mtoto amekwisha kupita zile wiki ambazo hana dundumio lake mwenyewe kabla mama hajaonana na mkunga. Kwa hiyo maneno haya ni ya bwana shamba kabla ya kuwa ya mkunga, na msimu wake ni Mei na Juni, magunia yanapofungwa, katika kila nyumba yenye mwanamke wa umri wa kuzaa, awe amejua kuwa ana mimba au hajajua.